Mama Anayesafiri Kushindana Kuogelea: Tayarisha Mwili Mapema

  

Leo tunazungumza juu ya jambo ambalo huenda hukulitarajia katika kipindi cha akina mama: safari ya kwenda kushindana kuogelea. Hatuzungumzii wanamichezo wa Olimpiki, wala watoto wa shule. Tunamzungumzia mtu mzima, mwenye kazi yake, watoto wake na miaka yake, aliyejifunza kuogelea, na sasa anapanda basi kutoka Kisumu kwenda Nairobi au Mombasa kushindana na watu wa rika lake.

Utauliza: "Mimi ni mama wa watoto wanne, nauza samaki pale Dunga. Kuogelea kwa mashindano kunanihusu nini?" Kunakuhusu kwa sababu mbili. Ya kwanza ni afya ya mwili wako. Ya pili ni ziwa lililo mlangoni petu.

MASHINDANO YALIYOANZISHWA NA DAKTARI

Mashindano ya kuogelea ya watu wazima yalianza kwa ajili ya afya. Mwaka wa 1970, daktari mmoja wa jeshi la wanamaji la Marekani, Ransom Arthur, alisaidia kuandaa mashindano ya kwanza katika mji wa Amarillo, jimbo la Texas. Aliamini kwamba mtu mzima aliye na mashindano mbele yake atakuwa na sababu ya kuendelea na mazoezi. Hilo tunalijua sote. Ukiambiwa tu "fanya mazoezi, mama, presha inapanda", utafanya wiki mbili uache. Lakini ukiwa na tarehe uliyoizungushia duara kwenye kalenda, utaamka.

Mashindano hayo yalienea. Mwaka wa 1986 yalifanyika ya kwanza ya dunia, mjini Tokyo, Japani. Mwaka wa 2024 yalikuwa Doha, Qatar, na mwaka wa 2025 Singapore.

Sheria zake ni rahisi. Unaruhusiwa kuanzia umri wa miaka 25. Watu hugawanywa kwa makundi ya miaka mitano mitano: 25 hadi 29, 30 hadi 34, na kuendelea hadi wazee wa miaka 100 na zaidi. Umri huhesabiwa kama utakavyokuwa tarehe 31 Desemba ya mwaka huo. Kwa hiyo mama wa miaka 42 hapimwi na msichana wa miaka 25. Mbio fupi kabisa za bwawani ni mita 50. Tena, kama unaogopa kuruka kutoka juu, sheria za watu wazima zinakuruhusu kuanza ukiwa tayari ndani ya maji, ukijisukuma ukutani. Kuna pia mbio za kupokezana za watu wanne, ambazo makundi yake hupangwa kwa kujumlisha umri wa wote wanne.

Usiseme umechelewa. Mama mmoja wa Japani, Mieko Nagaoka, alianza kuogelea akiwa amepita miaka 80, kwa sababu goti lilimsumbua. Mwaka wa 2015, akiwa na miaka 100, aliogelea mita 1,500 bwawani bila kukatisha, akilala chali mwanzo hadi mwisho. Alitumia saa moja na dakika 15 hivi. Maji hubeba uzito wa mwili, ndiyo maana mtu mwenye goti bovu au mgongo unaouma anaweza kufanya mazoezi majini ambayo barabarani yangemshinda.

Hapa Kenya, waulize makocha wa mabwawa ya hoteli, shule na klabu, au shirikisho la kuogelea nchini, Kenya Aquatics, kama kuna mashindano yenye makundi ya watu wazima. Bwawa kubwa la Kasarani, Nairobi, lililojengwa kwa ajili ya Michezo ya Afrika ya mwaka wa 1987, lina urefu wa mita 50. Kama hamna fedha za safari, fanyeni kama mfanyavyo kwa mambo mengine: anzisheni chama. Kila wiki kidogo kidogo, nauli na ada ya kuingia zitapatikana.

ZIWA NI LETU, NA HATARI NI YETU

Tunakula ziwa, tunasafiri ziwani, tunafua ziwani. Lakini wengi wetu, kuanzia Usenge hadi Mbita, hatujui kuogelea. Shirika la Afya Duniani linakadiria kwamba watu 300,000 hivi duniani walikufa maji mwaka wa 2021. Walio katika hatari kubwa zaidi ni watoto wa mwaka mmoja hadi minne.

Mwezi wa Septemba mwaka wa 2018, kivuko cha MV Nyerere kilipinduka upande wa Tanzania wa ziwa hili, karibu na kisiwa cha Ukara. Watu zaidi ya 200 walikufa. Kivuko kilikuwa kimejaza watu kupita kiasi, na kilikuwa kimekaribia kabisa gati. Hatusemi kwamba kila mmoja angeokoka kama angejua kuogelea, maana wengi walinaswa ndani na chini ya chombo. Tunasema kwamba ziwani, umbali mfupi tu unaweza kuwa kati ya mtu na uhai wake. Mama anayefanya mazoezi ya mbio za mita 50 anajifunza mambo ambayo yanaweza kumsaidia siku mbaya: kuelea, kupumua kwa utulivu, na kutojipiga ovyo majini.

Lakini sikiliza vizuri. Medali haikufanyi mwokoaji. Ukiona mtu anazama, usijitupe majini kwa haraka. Mtu anayezama hukushika kwa nguvu na mnaweza kuzama pamoja. Piga kelele upate msaada. Mfikishie mti au kamba, au mrushie jerikeni tupu iliyofungwa vizuri ili aishike. Na ukiwa ndani ya mashua, vaa jaketi la kuokolea hata kama wewe ndiye bingwa wa Kisumu nzima.

JIFUNZE BWAWANI, SI UFUONI

Wengine watasema, "Ziwa ni la bure, kwa nini nilipe bwawa?" Sababu ni kichocho.

Ugonjwa huu uko sana katika maji ya ufuoni mwa ziwa letu. Mtu mgonjwa akienda haja kubwa ziwani au karibu na maji, mayai ya minyoo huingia majini. Humo huanguliwa, na vijidudu vinavyotoka huingia katika konokono wadogo wanaokaa kwenye majani na magugu ya ufuoni. Baadaye hutoka ndani ya konokono, huogelea, na kupenya ngozi ya mtu yeyote aliye majini. Hupenya kwa dakika chache tu. Wakati wa jua kali la mchana ndio wengi zaidi majini. Mama anayefanya mazoezi hapo kila jioni kwa miezi mitatu anajiletea ugonjwa.

Dalili ni kuumwa na tumbo, kuhara, pengine damu kwenye choo, na uchovu usioisha. Ukikaa miaka bila tiba, ini huharibika na tumbo huvimba. Dawa ipo, nayo huitwa prazikwanteli. Hutolewa kulingana na uzito wa mwili. Dawa hii huua minyoo iliyokomaa, wala haikukingi usiambukizwe tena. Ndiyo maana ukitibiwa leo na kesho ukarudi katika maji yaleyale, unaweza kuugua tena. Kama umekuwa ukioga au kuogelea ziwani, mweleze mhudumu wa afya kabla hujaanza mazoezi makali. Huenda uchovu unaodhani ni uzee ni kichocho.

Ziwani pia kuna viboko, mamba katika sehemu nyingine, na magugu maji ambayo humnasa mtu miguu. Fanya mazoezi katika bwawa lenye maji yanayotiwa dawa na lenye mtu wa kuwaangalia waogeleaji. Usiogelee peke yako. Usishindane na mwenzako kuzuia pumzi chini ya maji, wala usipumue haraka haraka mara nyingi kabla ya kuzama. Mtu anaweza kuzimia chini ya maji bila onyo lolote, na wenzake wakadhani anacheza.

PITIA KLINIKI KWANZA

Miezi mitatu kabla ya safari, nenda ukapimwe. Usingoje wiki ya mwisho. Waambie: "Nataka kushindana kuogelea." Wapime presha, sukari na damu, kwa sababu mama mwenye upungufu wa damu huchoka mapema na moyo wake hufanya kazi ya ziada.

Wafuatao wasianze mazoezi ya kasi kabla ya kupata ushauri wa daktari: mwenye presha, mwenye ugonjwa wa moyo, mwenye kisukari, mwenye pumu, na mwenye kifafa. Mwenye kifafa asiingie majini kamwe bila mtu mzima wa kumwangalia kwa karibu, anayejua la kufanya. Mwenye pumu abebe dawa yake ya kuvuta hadi ukingoni mwa bwawa.

Katika eneo letu la ziwa tunao pia wengi wenye ugonjwa wa selimundu. Maji baridi, kuishiwa maji mwilini na kuchoka kupita kiasi vinaweza kumletea mtu wa selimundu maumivu makali. Azungumze na daktari wake kwanza.

Mama mjamzito anaweza kuogelea polepole ikiwa mimba yake haina matatizo na kliniki imekubali. Lakini asiruke kutoka juu, wala mimba si wakati wa kutafuta ushindi. Aliyejifungua angoje hadi damu ikome na apimwe baada ya wiki sita. Aliyejifungua kwa upasuaji ahakikishe kidonda kimepona kabisa.

Kama unatumia dawa za kupunguza makali ya virusi vya UKIMWI, unaweza kuogelea na kushindana kama wengine. Virusi hivyo haviambukizwi kwa kuogelea bwawa moja. La muhimu ni kubeba dawa za siku zote za safari, pamoja na za siku mbili au tatu za akiba, katika mkoba unaokaa nao mwenyewe. Usiziweke kwenye mzigo ulio juu ya basi.

Kuhusu hedhi: pedi haifai majini kwa sababu hunyonya maji ya bwawa. Wapo wanaotumia kisodo cha ndani au kikombe cha hedhi. Kama hujawahi kutumia, jifunze nyumbani mapema, si asubuhi ya mashindano.

NYWELE NA VAZI

Nywele zimewazuia akina mama wengi kuingia majini. Kofia ndogo haziingii juu ya rasta wala nywele zilizosukwa. Mwaka wa 2021, kofia kubwa zilizotengenezwa kwa ajili ya nywele kama zetu zilikataliwa katika Olimpiki ya Tokyo. Watu wakalalamika, na mwaka wa 2022 shirikisho la dunia likazikubali. Kwa hiyo usinyoe kwa lazima. Lowesha nywele kwa maji safi kabla ya kuingia bwawani, na uzisuuze ukitoka, ili dawa ya bwawa isizikaushe.

Kama dini au heshima yako inataka mwili ufunikwe, zipo nguo za kuogelea zinazofunika. Waulize waandalizi kabla ya safari ni nguo zipi wanazoruhusu. Usiingie na leso wala dera. Nguo hizo hushika maji, zikawa nzito, na zinaweza kukuzamisha.

MTOTO ANAYENYONYA NA WANAOBAKI NYUMBANI

Mazoezi hayaharibu maziwa ya mama. Maneno kwamba maziwa ya mama aliyetokwa na jasho ni mabaya si ya kweli. Oga, kunywa maji, kisha mnyonyeshe mtoto wako. Kama mtoto hajatimiza miezi sita, ni afadhali usafiri naye pamoja na msaidizi. Ukimwacha kwa saa chache, kamua maziwa kwa mikono safi, yawekwe katika chombo safi chenye kifuniko, na katika joto la kwetu yatumike ndani ya saa nne. Mlezi ampe kwa kikombe, si kwa chupa.

Na wewe mlezi unayebaki, kazi yako ni kubwa kuliko ya anayeshindana. Mtoto mdogo anaweza kuzama katika ndoo, beseni, pipa au shimo lililojaa maji ya mvua. Huzama kimya, bila kupiga kelele. Funika maji yote. Mwaga yasiyotumika. Mtoto aangaliwe na mtu mzima, si na dada yake wa miaka saba. Karibu na ziwa, uwe karibu naye kiasi cha kumfikia kwa mkono. Mama, kabla ya kuondoka, taja kwa jina ni nani anayemwangalia mtoto kila saa. Ukisema "watu wa boma wapo", huenda kila mtu akadhani mwenzake ndiye anayemwangalia.

NJIANI

Kutoka Kisumu hadi Nairobi ni karibu kilomita 350. Usisafiri usiku na kushindana asubuhi. Fika angalau siku moja kabla, na mbili kama unakwenda Mombasa. Basi likisimama, shuka utembee, ili damu isigande miguuni kwa kukaa muda mrefu. Kunywa maji safi, hata kama unaogopa kutafuta choo njiani.

Kisumu iko mita 1,130 hivi juu ya usawa wa bahari. Nairobi iko mita 1,700 hivi. Huko juu pumzi itakuwa fupi kidogo na maji ya bwawa yatakuwa baridi zaidi. Anza taratibu. Mombasa ni kinyume chake: joto na jasho, hivyo hatari ni kuishiwa maji mwilini.

Tukiwa eneo la ziwa, malaria tunaibeba. Ukishikwa na homa ukiwa Nairobi, mwambie daktari mara moja: "Nimetoka Kisumu." Huko malaria si nyingi, na asipojua utokako anaweza kufikiria ugonjwa mwingine na kukuchelewesha. Ukienda Mombasa, lala ndani ya neti. Usishindane ukiwa na homa, hata kama nauli ilikuwa ya chama.

Kama siku moja utakwenda nchi za nje, uliza mapema kuhusu pasipoti na cheti cha chanjo ya homa ya manjano. Chanjo hiyo hudungwa angalau siku kumi kabla ya safari. Mjamzito, na anayenyonyesha mtoto aliye chini ya miezi tisa, aseme hivyo kabla ya kudungwa.

SIKU YENYEWE

Usijaribu chakula kipya. Jioni kula ulichozoea: ugali, samaki aliyeiva vizuri, mboga. Asubuhi, saa mbili au tatu kabla ya mbio, kunywa uji na ule ndizi au kiazi kitamu. Nyoosha viungo. Ogelea kidogo upashe mwili joto.

Simama mara moja, shika ukingo na uite msaada ukisikia maumivu au kubanwa kifuani, kizunguzungu, moyo kwenda mbio isivyo kawaida, au kikohozi cha povu au damu na pumzi kukatika. Usiseme, "Nimebakisha mita kumi tu." Mashindano mengine yatakuja.

MAMBO YA KUKUMBUKA

1. Jifunze katika bwawa lililo salama, ukiwa na mwalimu. Maji ya ufuoni yana kichocho.
2. Pimwa miezi mitatu kabla ya mashindano.
3. Beba dawa zako zote mkononi, na siku za akiba.
4. Mtoto aachwe na mtu mzima anayejulikana, na maji ya nyumbani yafunikwe.
5. Fika mapema, lala, kunywa maji, kula ulichozoea.
6. Ukiwa na homa, sema umetoka eneo la ziwa, na usiingie majini.
7. Anayezama mrushie kitu, usijitupe.

Mama, huenda ukarudi Kisumu bila medali. Huenda ukawa wa mwisho katika kundi lako. Lakini utarudi na presha iliyoshuka kidogo, na pumzi iliyo ndefu zaidi. Na watoto wako watakuwa wameona kwamba kuogelea hufundishwa, kama kusoma, na kwamba hata wao wanaweza kufundishwa. Waandikishe katika mafunzo hayo wakifika umri wa miaka sita na kuendelea.

Kama una swali, muulize mhudumu wa afya wa kijiji chako, au nenda kituo cha afya kilicho karibu nawe. Hadi wakati mwingine, kaa salama, wewe na jamaa yako. Oriti.